Edward IV wa Uingereza: familia alizozipandisha, na siku 78 zilizozivunja

Usiku wa tarehe 29 mwezi wa nne 1483, mabwana watatu walikula pamoja mjini Northampton, katikati ya Uingereza. Mmoja alikuwa Anthony Woodville, konti wa Rivers, mjomba wa mfalme mpya. Mwingine alikuwa Richard, duki wa Gloucester, baba mdogo wa mfalme huyo huyo. Wa tatu, Henry Stafford, duki wa Buckingham, alikuwa amemuoa dada ya Anthony. Kwa maneno mengine, ilikuwa meza ya familia. Walioandika habari za usiku ule wanasema mazungumzo yalikuwa mazuri na kila mtu alikwenda kulala kwa amani.

Kulipopambazuka, Anthony alikuwa mfungwa. Hakuiona London tena. Miezi miwili haikutimia, akakatwa kichwa.

Mfalme mpya alikuwa mtoto wa miaka 12, Edward V. Usiku ule alilala Stony Stratford, mji mdogo ulio mwendo mfupi wa farasi kutoka Northampton, akiwa njiani kwenda London kuvikwa taji. Baba yake, Edward IV, alikuwa amekufa siku 20 tu zilizopita. Taji hilo mtoto hakulivaa kamwe. Na waliomzuia asilivae hawakuwa maadui wa baba yake. Walikuwa watu wa nyumba ya baba yake: ndugu aliyempa nusu ya utawala wa kaskazini, shemeji aliyeozeshwa kwa amri yake, wakubwa waliokula mkate wake.

Ili kuelewa namna meza moja iligeuka gereza kwa usiku mmoja, inafaa kurudi nyuma miaka 22.

Kijana wa miaka 18 mwenye madeni ya shukrani

Edward alizaliwa mwaka wa 1442 mjini Rouen, Ufaransa, ambako baba yake, duki wa York, alikuwa akiongoza majeshi ya mfalme wa Uingereza. Alipofikisha miaka 18, matawi mawili ya ukoo wa kifalme, Lancaster na York, yalikuwa yanapigana wazi wazi. Mfalme aliyekuwa kitini, Henry VI wa Lancaster, alikuwa mtu mpole ambaye mara kwa mara akili yake ilipotea kabisa, na mke wake, Margaret wa Anjou, ndiye aliyeshika vita. Mwisho wa mwaka wa 1460 baba yake Edward aliuawa vitani pamoja na mdogo wake Edward, kijana wa miaka 17. Kichwa cha baba kilitundikwa juu ya lango la mji wa York, kimevikwa taji la karatasi.

Miezi miwili hivi baadaye, tarehe 4 mwezi wa tatu 1461, kijana huyo alitangazwa mfalme London. Mwisho wa mwezi huo akavunja jeshi la Lancaster huko Towton, katikati ya dhoruba ya theluji.

Kushinda vita ni jambo moja. Kutawala nchi ambayo karibu nusu ya wakubwa wake walikuwa upande wa pili ni jambo jingine. Bunge la mwaka huo lilihukumu zaidi ya watu mia moja kuwa wasaliti, na mashamba yao yakawa mali ya mfalme. Hapo Edward akapata kitu cha kugawa. Ngazi za wakubwa wa Uingereza, kwa kifupi, zilikuwa hivi kutoka juu: duki, markizi, konti, kisha baroni. Kila ngazi ilihitaji mashamba ya kuibeba, kwa sababu cheo bila mapato kilikuwa aibu kwa mwenye nacho.

Wa kwanza kulipwa walikuwa akina Neville. Richard Neville, konti wa Warwick, alikuwa binamu ya mfalme na tajiri kuliko wakubwa wote wa nchi. Yeye ndiye aliyeleta pesa, meli na askari. Akapewa Calais, mji wenye ngome ambao Uingereza ilikuwa bado inaushika kwenye pwani ya Ufaransa, pamoja na vyeo vingine ambavyo kuvihesabu kunachosha. Mdogo wake John akawa konti wa Northumberland mwaka wa 1464, kwa mali iliyonyang'anywa familia ya Percy. Mdogo mwingine, George, alikuwa kansela, yaani mwenye muhuri wa nchi, kisha akawa askofu mkuu wa York.

Lakini hao walikuwa wakubwa tangu zamani. Walioinuliwa kweli ni wengine wawili. William Hastings alikuwa mtoto wa bwana mdogo wa Leicestershire, mtumishi wa nyumba ya York. Mwaka wa 1461 akafanywa baroni na msimamizi wa chumba cha mfalme. Cheo hicho kinaweza kuonekana kidogo kwa jina, ila ndicho kilichoamua nani anamwona mfalme na nani anarudi bila kumwona. William Herbert wa Raglan naye alikuwa Mweilsi, na wakati ule Waweilsi walikuwa bado chini ya sheria za kuwabagua katika nchi yao wenyewe. Herbert akapewa baroni, kisha mamlaka juu ya Wales ya kusini, baadaye na ya kaskazini. Mwaka wa 1468, alipoteka ngome ya Harlech ambayo ilikuwa imewakatalia watu wa York kwa miaka saba, akafanywa konti wa Pembroke.

Herbert alinunua pia, kwa pauni 1.000, haki ya kumlea mtoto mmoja wa miaka mitano ambaye baba yake alikuwa amekufa na mali yake imechukuliwa. Alipanga kumuoza binti yake mwenyewe. Jina la mtoto huyo lilikuwa Henry Tudor, na atarudi katika habari hii.

Mjane aliyekuja kuomba mashamba

Katika mwezi wa nne 1464, mjane mmoja aliyeitwa Elizabeth Grey alikuwa na shida ambayo wajane wa nchi nyingi wanaijua: ukoo wa mume ulikuwa unamkatalia mashamba ya watoto wake. Mume wake alikuwa amekufa vitani mwaka wa 1461, akipigana upande wa Lancaster. Akatafuta mtu mwenye mkono mrefu, akampata William Hastings. Tarehe 13 wakaandikiana mkataba: Hastings amsaidie, na mmoja wa watoto wa kiume wa mjane aje kumuoa binti wa Hastings, au mpwa wake, hata kama binti huyo bado hajazaliwa. Mapato ya mashamba yatakayopatikana wagawane. Ulikuwa mkataba mgumu, wa mtu mwenye nguvu na mtu asiye na nguvu.

Wiki chache baadaye, mjane huyo alikuwa mke wa mfalme.

Ndoa ilifanyika kwa siri nyumbani kwa wazazi wake, Grafton, na masimulizi yanaiweka tarehe 1 mwezi wa tano. Mfalme aliificha kwa miezi mitano hivi. Wakati huo wote Warwick alikuwa anazungumza na Wafaransa ili Edward amuoe Bona wa Savoy, shemeji wa mfalme Louis XI. Mwezi wa tisa, katika baraza la Reading, Warwick na wenzake walipomtaka mfalme aseme neno la mwisho juu ya ndoa hiyo, akawaambia kwamba ana mke tayari.

Hakuna mfalme wa Uingereza tangu karne ya 11 aliyekuwa amemuoa binti wa raia wake akiwa kitini. Mama ya Elizabeth, Jacquetta wa Luxembourg, alitoka katika ukoo mkubwa wa bara la Ulaya, lakini baba yake, Richard Woodville, alikuwa bwana wa kawaida aliyepandishwa kuwa baroni Rivers. Na Elizabeth hakuja peke yake. Alikuja na watoto wawili wa kiume, Thomas na Richard Grey, na ndugu zaidi ya kumi, wengi wao bado hawajaoa wala kuolewa.

Hapa ndipo Edward alipofanya hesabu yake. Mashamba ya wasaliti yalikuwa yameisha kugawanywa kwa akina Neville, Hastings na Herbert. Kwa akina Woodville hakikubaki kitu kikubwa cha kutoa. Kilichobaki ni ndoa. Kwa desturi ya huko, mahari haikutoka upande wa mume kama kwetu; mali ya ndoa ilitoka upande wa binti, na baba mwenye mtoto wa kiume mrithi alikuwa sawa vile mwenye duka: anayetaka kumpata mkwe huyo alipaswa kulipa, kwa pesa au kwa upendeleo. Mfalme alikuwa na upendeleo mwingi wa kulipa.

Kwa hiyo, kati ya 1464 na 1466, dada za malkia waliolewa mmoja baada ya mwingine na warithi wa nyumba kubwa: Arundel, Essex, Kent. Mary aliozwa kwa mtoto wa William Herbert. Catherine alipewa duki wa Buckingham, mtoto wa miaka kumi hivi, yatima, chini ya ulinzi wa mfalme, ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake. Thomas Grey, mtoto wa kwanza wa malkia, alipata binti wa duki wa Exeter. Malkia alimlipa mama ya binti huyo marki 4.000, ingawa binti alikuwa tayari ameahidiwa kwa mpwa wa Warwick. Baba ya malkia akawa mweka hazina wa nchi, kisha konti.

Ndoa iliyowachekesha watu zaidi ilikuwa ya John, kaka ya malkia, kijana wa miaka 20 hivi. Alimuoa Catherine Neville, duchesi mjane wa Norfolk, mama wa zaidi ya miaka sitini ambaye alikuwa amezika waume watatu. Kila mtu alielewa kwamba kijana anangoja mali ya bibi. Bibi huyo alikuwa shangazi ya Warwick. Kwa taarifa tu: ndiye aliyemzika kijana, akaishi miaka mingi baada yake.

Warwick anavunja alichojenga

Hasira ya Warwick mara nyingi inaelezwa kama hasira ya ndoa hizo. Si zote zilimuumiza. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alizoea kusikilizwa, na sasa mfalme alisikiliza wengine. Alitaka urafiki na Ufaransa, mfalme akachagua Burgundy na kumpa duki wake dada yake Margaret. Mwaka wa 1467 mfalme mwenyewe alikwenda nyumbani kwa George Neville kumnyang'anya muhuri wa ukansela. Tena Warwick alikuwa na mabinti wawili na hana mtoto wa kiume. Wanaume wa hadhi yao nchini walikuwa wachache, na akina Woodville walikuwa wamewachukua. Waliobaki walikuwa ndugu wawili wa mfalme, na mfalme akakataa.

Warwick hakungoja ruhusa. Mwezi wa saba 1469, huko Calais, alimuoza binti yake Isabel kwa George, duki wa Clarence, mdogo wa mfalme. Wiki mbili hivi baadaye jeshi la waasi waliokuwa upande wake lilimvunja William Herbert huko Edgecote. Herbert akakatwa kichwa kesho yake bila hukumu ya mahakama yoyote. Baba ya malkia na yule John, mume wa bibi, walikamatwa wakauawa vile vile. Mfalme mwenyewe akawa mfungwa wa binamu yake kwa wiki kadhaa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Warwick alishindwa kutawala kwa jina la mfalme aliyemfunga, akamwachia, kisha mwaka wa 1470 akakimbilia Ufaransa na kupatana na Margaret wa Anjou, adui wa maisha yake yote. Aliporudi na jeshi, pigo la mwisho lilitoka kwa ndugu yake John. Huyo alikuwa amebaki mwaminifu kwa Edward, lakini mfalme, akitaka kuwaridhisha akina Percy, alikuwa amemnyang'anya Northumberland na kuwarudishia. Badala yake alimfanya markizi wa Montagu. Cheo kilipanda, mapato yakashuka. John akasema, kwa uchungu, kwamba amepewa kiota cha ndege ili kubeba jina kubwa. Alipogeuka na askari wake, Edward alikuwa na saa chache tu za kufika baharini. Akavuka kwenda Uholanzi bila mzigo. Malkia alijificha katika hifadhi ya kanisa la Westminster, na huko ndiko alikojifungua mtoto wao wa kwanza wa kiume, yule atakayelala Stony Stratford.

Mwaka wa 1471 Edward alirudi. Siku ya Pasaka, katika ukungu mzito wa Barnet, Warwick na John waliuawa. Mwezi wa tano, huko Tewkesbury, mtoto wa Henry VI naye akafa, na siku chache baadaye Henry VI mwenyewe akafa ndani ya Mnara wa London. Lancaster iliisha, isipokuwa yule Henry Tudor, ambaye alikimbilia Brittany akiwa na miaka 14. Ni watu wachache waliomhesabu.

Kila mmoja na jimbo lake

Miaka 12 iliyofuata ndiyo inayowavutia wanahistoria zaidi, kwa sababu kwa nje ilikuwa ya amani. Edward aliigawa nchi kwa watu wake kama mtu anayegawa zamu za ulinzi. Richard wa Gloucester, mdogo wake mwaminifu, alipewa kaskazini na mashamba ya Warwick huko, akamuoa Anne, binti wa pili wa Warwick. Hastings alipewa maeneo ya katikati na ngome ya Calais. Akina Woodville walipewa mtoto: mrithi wa kiti alipelekwa Ludlow, mpakani mwa Wales, akalelewa na mjomba wake Anthony. Anthony alikuwa msomi. Kitabu alichokitafsiri kutoka Kifaransa, kilichochapwa na William Caxton mwaka wa 1477, ndicho cha kwanza chenye tarehe kuchapwa katika nchi ya Uingereza.

Tatizo la mpango huo ni kwamba kamba zote zilifungwa kwenye mti mmoja. Hastings na Anthony waliongea kupitia mfalme. Calais, kwa mfano, Anthony aliitaka, lakini alipowahi kusema anataka kwenda kupigana na Waislamu nje ya nchi, mfalme aliudhika akampa Hastings, na chuki ikabaki. Thomas Grey, sasa markizi wa Dorset, alikuwa amemuoa Cecily, binti wa kambo wa Hastings. Ni sawa vile ule mkataba wa 1464 ulikuja kutimia kwa njia nyingine. Hata hivyo Dorset na Hastings walichukiana. Domenico Mancini, Mtaliano aliyekuwa London mwaka wa 1483 na ambaye ripoti yake ilikaa bila kujulikana mpaka ilipopatikana Lille na kuchapwa 1936, anasema waligombania wanawake. Huenda; nyumba ya Edward wakati ule ilikuwa na sifa hiyo. Lakini Leicestershire ndiko mashamba ya Grey na ya Hastings yalikopakana, na hilo pekee lingetosha.

Tena Edward alizoea kuchukua kwa mmoja ampe mwingine. Ndugu yake Clarence alihukumiwa na bunge na kuuawa mwezi wa pili 1478, mfalme mwenyewe akiwa mshitaki. Mtoto wa William Herbert, ambaye baba yake alikufa kwa ajili ya York, alilazimishwa kurudisha Pembroke ili apewe mrithi wa kiti.

Na kuna kisa cha Anne Mowbray. Alikuwa mtoto pekee wa duki wa Norfolk. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 1478, akiwa na miaka mitano, alifungishwa ndoa Westminster na mtoto wa pili wa mfalme, mvulana wa miaka minne. Mwaka wa 1481 Anne akafa. Kwa sheria, mali ilipaswa kurudi kwa ukoo wake, sehemu kubwa kwa John Howard, mtumishi wa York kwa miaka 20. Mfalme akaliambia bunge limwachie mali hiyo mume mdogo, mjane wa miaka minane. Howard alinyamaza. Kuhusu Anne mwenyewe, jeneza lake la risasi lilifukuliwa na wafanyakazi wa ujenzi London mwaka wa 1964, akazikwa upya Westminster mwaka uliofuata.

Siku 78

Edward IV alikufa tarehe 9 mwezi wa nne 1483, kabla ya kufikisha miaka 41, mnene, baada ya kuugua siku chache tu. Mancini anasema kwamba siku mbili kabla ya kufa aliwaamuru Hastings na Dorset wapatane mbele yake. Walipatana.

Mfalme alipokuwa bado hajakauka kaburini, baraza lilibishana juu ya idadi ya askari watakaomleta mtoto kutoka Ludlow. Akina Woodville walitaka jeshi. Hastings akasema kama ni jeshi, yeye anakwenda Calais, na kila mtu alielewa kwamba huko ana askari wake. Wakakubaliana 2.000. Hastings akamwandikia Gloucester aje haraka na watu wake, kwani aliogopa kutawaliwa na Dorset na wenzake kuliko kitu kingine chochote.

Ndivyo Gloucester alivyofika Northampton. Buckingham alikutana naye njiani. Yule mtoto aliyeozeshwa Catherine Woodville sasa alikuwa mwanaume wa miaka 27, wa damu ya kifalme, ambaye katika utawala wote wa Edward hakupewa kazi yenye maana. Mancini anaandika kwamba alimdharau mke wake kwa uzao wake. Asubuhi ya tarehe 30 Anthony alifungwa. Huko Stony Stratford walikamatwa Richard Grey, kaka wa mama mmoja na mfalme mdogo, pamoja na msimamizi wa nyumba yake. Mtoto alilia na kuwatetea. Malkia, aliposikia, alirudi tena katika hifadhi ya Westminster, miaka 13 baada ya mara ya kwanza.

Hastings alifurahi. Alisema wazi kwamba nchi imehama kutoka mikono ya ukoo mmoja kwenda mwingine bila damu kumwagika. Furaha hiyo ilidumu wiki sita. Alikuwa adui wa akina Woodville, lakini alikuwa mtu wa Edward, na kumwondoa mtoto wa Edward kitini asingekubali. Ijumaa tarehe 13 mwezi wa sita, katikati ya kikao ndani ya Mnara wa London, alikamatwa na kukatwa kichwa papo hapo, bila mahakama, kama alivyokufa Herbert. Karibu na Leicester kuna ngome aliyoianza mwaka wa 1480, Kirby Muxloe, ya matofali mekundu, yenye herufi za jina lake zilizopangwa kwa matofali meusi juu ya lango. Hata leo ukuta wake haujaisha.

Siku tatu baada ya kifo cha Hastings, malkia alikubali kumtoa mtoto wake wa pili, naye akaungana na kaka yake ndani ya Mnara. Tarehe 25 Anthony Woodville na Richard Grey waliuawa kaskazini, Pontefract. Tarehe 26 Gloucester akakalia kiti kama Richard III, kwa hoja kwamba Edward alikuwa ameahidi ndoa kwa mwanamke mwingine kabla ya Elizabeth, kwa hiyo watoto wake wote ni haramu. Ndoa ya siri haikuwa na mashahidi wengi wa kuitetea. Siku mbili baadaye John Howard alifanywa duki wa Norfolk, cheo ambacho mvulana aliyekuwa ndani ya Mnara alikuwa bado anakibeba. Mwisho wa mwaka huo hakuna aliyewaona tena wavulana hao wawili.

Buckingham aliasi baada ya miezi michache, akakatwa kichwa mwezi wa kumi na moja. Wengi wa watumishi wa zamani wa Edward, watu wa kusini waliokula naye, walikimbilia Brittany kwa yule mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Mwezi wa nane 1485 Henry Tudor alitua Wales na jeshi dogo. Huko Bosworth, Howard alikufa akimtetea Richard, na Richard akafa pia. William Stanley, ambaye kaka yake alikuwa msimamizi wa nyumba ya Edward, ndiye aliyeingia vitani wakati wa mwisho upande wa Tudor. Mwanzo wa 1486 Henry alimuoa binti mkubwa wa Edward na Elizabeth Woodville, na kwa njia hiyo damu ya mjane wa Grafton ipo hadi leo katika ukoo wa kifalme wa Uingereza.

Mjane mwenyewe alimaliza maisha yake katika nyumba ya watawa ya Bermondsey, ng'ambo ya mto Thames. Katika wasia wake wa mwaka wa 1492 alieleza kwamba hana mali yoyote ya dunia ya kumwachia binti yake malkia wala watoto wake wengine, akawaachia baraka tu. Alikufa tarehe 8 mwezi wa sita. Walimpeleka Windsor kwa mashua, ndani ya jeneza la mbao la kawaida, wakamzika usiku pembeni ya Edward.